Nilimpeleka baba mdogo mgahawa wa Waturuki Hamburg ili aonje kahawa aliyoilima maisha yake yote

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mlioko kitandani mnaperuzi.

Jana kuna mtu kaweka uzi wa vyakula vya ughaibuni, watu wakagombana weee kuhusu nani kala nini na wapi. Nikacheka, halafu nikakumbuka jambo langu. Sina picha, enzi zile kamera ilikuwa ya kuazima. Ila ninayoyaandika yametokea kweli, na mtu niliyekula naye yupo hai na anaweza kunisuta.

Mimi ni mtu wa Mbinga, milimani, upande wa Litembo. Mama yangu ni wa chini ziwani, karibu na Mbamba Bay. Kwa hiyo nimekulia ugali wa pande zote mbili, huku wa maharage, kule wa mbasa na dagaa wa Nyasa.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Ushirika umeshayumba, wanunuzi binafsi wanapanda milima na mizani zao, na bei ya kahawa inashuka kila msimu. Simu ya mkononi kwetu ilikuwa bado habari ya mjini.

Mimi nilikuwa Hamburg, Ujerumani, kwenye kozi ya ufundi wa vifaa vya hospitali. Nilibakiza mwaka mmoja nimalize, na tayari pale nilipokuwa najifunzia walishaanza kuniuliza kama ningependa kubaki kazini. Nilikuwa sijawajibu.

Sasa parokia yetu ilikuwa na urafiki na parokia moja ya kule. Wakaalika ujumbe. Padre akachagua watu, na mmojawapo akawa baba yangu mdogo, Gaudens, mzee wa kanisa, mtu wa shamba hasa. Huyu ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki.

Siku ya kwanza tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitika, akanishika mkono, akaniuliza habari za afya, za masomo, za baridi. Halafu akasema, "Nina neno la shamba. Utanijibu kabla sijapanda ndege."

Neno lenyewe lilikuwa hili.

Marehemu baba ndiye aliyepanda ile mibuni iliyoko mtelemkoni chini ya nyumba. Baba mdogo ameitunza tangu wakati huo, na kahawa ile ndiyo iliyonisomesha. Lakini kwa utaratibu wa kwetu, miti aliyoipanda kaka yako huikati hivi hivi wakati mtoto wake mkubwa yupo. Lazima akupe neno lake.

Baba mdogo alitaka kukata. Alitaka pale pawe ngoro, apande mahindi na maharage. Kwa wasioijua ngoro, ni kilimo chetu Wamatengo. Tunafyeka nyasi, tunazilaza kwa mistari inayokatana, tunazifukia kwa udongo, mlima mzima unabaki mashimo mashimo na mvua haikokoti kitu.

(Najua bwana shamba alikuwa anakataza kung'oa kahawa. Wanasheria nisameheni, nasimulia tu.)

Mimi nikamwambia hapana. Nikamwambia ile ni kumbukumbu ya baba, kaburi lake liko palepale kando, kahawa itapanda bei tu. Nilisema kwa uchungu kabisa. Kila nilipokwenda kule nilijitambulisha kwamba mimi natoka kwa wakulima wa kahawa, na nilijisikia mtu.

Yeye hakubishana. Akasema, "Haya. Fikiri. Bado nipo."

Sasa tuje kwenye chakula.

Wenyeji wake walikuwa watu wema sana. Ila wakuu, Wajerumani wa enzi zile jioni hawapiki. Mchana unakula viazi vya moto, jioni unaletewa mkate mweusi, jibini na vipande vya nyama baridi. Baba mdogo akavumilia siku kadhaa, halafu akanivuta pembeni baada ya misa.

"Hivi hawa kuni zinawaishia mchana?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini mzee alikuwa serious. Alikuwa analala na njaa, na kusema hawezi, kwa sababu kwetu mgeni hasemi chakula hakimtoshi.

Nikasema siku moja kabla hajaondoka nitamtoa. Karibu na nilipokuwa napanga palikuwa na mgahawa wa Mturuki mmoja anaitwa Yusufu. Nilishawahi kuingia mara chache. Chakula cha moto, mikate ya moto, na mwishoni wanakuletea kahawa yao kwenye vikombe vidogo.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi.

Maana wakuu, kuna jambo watu wa nje hawaliamini. Kwetu tulikuwa tunalima kahawa lakini hatuinywi. Tunakunywa chai ikiwepo, togwa, pombe kwa wanaotumia. Kahawa tunaichuma, tunaimenya, tunaiosha, tunaianika, tunaipeleka, basi. Watoto tulikuwa tunanyonya ule utamu wa tunda jekundu, mwisho wa kuijua ni hapo. Baba mdogo alikuwa na mvi tayari na hajawahi kuonja hata tone.

Nikajiambia, mzee akionja tu, kwisha habari. Hawezi kwenda kuikata.

Tukaenda mapema jioni, bado kuna mwanga. Kufika mlangoni akasimama. Dirishani kuna lile lundo la nyama limechomekwa kwenye chuma, limesimama wima linazunguka lenyewe mbele ya moto, na kijasho cha mafuta kinashuka. Mzee akalitazama. Likazunguka, akalitazama tena.

"Huyu ni mnyama gani asiye na mifupa?"

Nikamweleza kwamba ni vipande vimepangwa kimoja juu ya kingine. Akauliza anayepanga ni nani, anaanzia chini au juu, na ikibaki leo kesho inakuwaje. Yusufu akatoka, mtu wa makamo, mnene kidogo, masharubu, aproni nyeupe. Nikawa natafsiri, Kijerumani changu cha kuungaunga na chake chenye lafudhi ya kwao. Akamjibu mzee kila swali, na naona alifurahi. Nadhani wateja wengine walikuwa wanaagiza tu na kuondoka.

Tukakaa. Akaja na chupa, akatumiminia mikononi maji yenye harufu kali ya limao. Baba mdogo akasugua mikono vizuri mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayejiandaa kula ugali. Kisha akanusa, akaniambia, "Hawa wanajua heshima. Kule nilikofikia tunakaa tu mezani na mikono yetu ya barabarani."

Vikaja visahani vidogo vidogo katikati ya meza, na mkate wa moto umevimba kama puto. Mzee akafanya ishara ya msalaba, akasali sala ya chakula yote, kwa sauti. Mimi jasho linanitoka, mgahawa wa Mwislamu ule. Yusufu alikuwa ameshika sahani nyingine mkononi. Akasimama pale pale, akanyamaza mpaka mzee akamaliza, ndipo akaiweka. Mzee akamuuliza jina. Kusikia Yusufu, akafurahi sana, akasema hilo ni jina la baba mlishi wa Bwana.

Sasa kwenye kisahani kimoja kulikuwa na zeituni nyeusi. Baba mdogo akazikazia macho. Akachukua moja, akaigeuza geuza, akaibonyeza. Uso ukabadilika.

"Mwanangu, hawa wanakula buni?"

Wakuu, ukiitazama zeituni nyeusi iliyosinyaa, na wewe ni mtu ambaye maisha yako yote umeona matunda ya kahawa yaliyokaukia mtini, utamwelewa. Zilifanana hasa. Nikamwambia si kahawa, ni tunda la mti mwingine. Hakuniamini. Akaing'ata ili ajihakikishie, chumvi na uchungu vikampanda, macho yakamtoka. Kutema hawezi, ni chakula cha mwenyeji. Akameza, akaweka kokwa kwenye kiganja, akalichunguza.

"Kweli si kahawa. Kahawa ina mbili."

Yusufu alicheka kwa nguvu nilipomtafsiria.

Mzee alikula vizuri mno siku ile. Nyama ya kondoo, wali wenye siagi, bilinganya. Yale maziwa yao ya mgando yenye chumvi aliyakubali mara moja, akasema ni mtindi wa watu waliofanya kazi juani. Kila kitu alikuwa anauliza: hii inaoteshwaje, hii inatiwa lini, mkate huu unavimba kwa nini. Mimi niliyekaa kule muda wote ule sikuwahi kuuliza hata kimoja. Siku ile nami nikawa najua vitu.

Ngoja nimeze maji kidogo.

Haya. Ikafika saa yangu. Nikaagiza kahawa mbili.

Vikaja vikombe vidogo, kahawa nzito, mbali kabisa na chai tunayoijua, povu juu, nyeusi tii. Nikamwambia, "Baba, hii ndiyo yenyewe. Hii ndiyo kahawa."

Akaitazama bila kuigusa.

"Sisi tuliambiwa wanatengenezea baruti," akasema polepole.

Sikujua kama ni utani. Haukuwa utani. Akaniambia wazee wao waliamini hivyo, kwamba haiwezekani watu wasafirishe mbegu kutoka mbali kiasi kile kwa ajili ya kunywa tu. Alivyokuwa kijana alikuwa anapeleka kahawa chama cha ushirika huku anajiuliza itakwenda kumuua nani. Baadaye akaacha kujiuliza.

Akakiinua kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Akatulia. Akanywa tena.

Nikangoja. Uso hausemi kitu.

Aliendelea mpaka ikafika kwenye yale machicha ya chini. Kahawa ya Waturuki inapikwa na unga wake, ule unga unatuama, na unatakiwa kuuacha. Mimi nilijua. Nilisahau kumwambia.

Kwetu sasa, ukikaribishwa pombe ya kienyeji ukaacha machicha kwenye kikombe, mama aliyeipika anajua umeidharau. Mtu mzima anamaliza. Baba mdogo akakiinamisha, akakigonga gonga kitako kwa kidole, machicha yote yakamwingia mdomoni. Akaanza kutafuna.

Nasikia anatafuna, kru kru kru.

Yusufu alimwona akiwa kaunta. Akaja mbio mbio na glasi ya maji, anasema kwa Kijerumani "hapana, hapana, hiyo hailiwi," na mkewe naye katoka jikoni ameshika mwiko. Baba mdogo kaona watu wawili wanamjia kwa kasi, akadhani amechelewa kumaliza. Akaongeza kasi ya kutafuna.

Watu wa meza ya pili wakageuka. Mimi natafsiri na kucheka kwa wakati mmoja, siwezi kumaliza sentensi.

Mwishowe tukaelewana. Mzee akaeleza desturi yetu, mke wa Yusufu akaelezwa, akaweka mkono kifuani, akasema tangu wafungue mgahawa hajawahi kuheshimiwa hivyo. Kisha akasimulia ya kwao. Akasema kwao kijana akienda kuposa, binti ndiye anayewapikia wageni kahawa, na kikombe cha kijana anakitia chumvi badala ya sukari, waone atafanyaje.

"Na huyu ulimtilia?" Baba mdogo akauliza, anamwonyesha Yusufu.

"Vijiko vitatu."

"Akanywa?"

"Yote."

"Basi alikutaka kweli."

Tulicheka wote wanne. Na mzee akasema, tena kwa sauti ya kuridhika, "Kumbe ndiyo kazi yake. Inaposea watu." Akasema ni tamu kwa namna ya uchungu wake, na kwamba imemwamsha kichwa.

Mimi ndani nilikuwa nashangilia. Nikajua nimeshinda, shamba limepona.

Nikawa nasubiri aseme. Badala yake akamgeukia Yusufu akamuuliza kama kwao wanailima wenyewe.

Yusufu akasema hapana, kahawa inatoka mbali, labda hata kwenu. Baba yake alikuwa na zeituni. Mtelemko mzima wa mizeituni, ya kurithi.

"Bei yake ilikuwaje?" Swali la mkulima hilo.

Akasema ilianguka. Majirani waling'oa, wakapanda pamba na mboga. Baba yake akakataa. Alisema wanangu watarudi, wasije wakaikosa miti yao. Watoto walikuwa wameshaanza kuondoka mmoja mmoja kuja Ujerumani kutafuta kazi. Kila kiangazi mzee aliuliza, mwaka huu mnarudi? Nao wanajibu, mwaka ujao.

"Akala nini?" Baba mdogo akauliza.

Yusufu alifikiri kidogo. "Tulikuwa tunamtumia."

"Na sasa?"

"Alishafariki. Miti ipo, mirefu. Zeituni zinaanguka chini, ndege wanakula." Alikuwa anafuta meza huku anaongea, wala hakuonyesha huzuni. Akaelekeza kile kisahani. "Hizi nanunua duka la pale kona."

Akabeba vyombo akaenda zake.

Baba mdogo akavuta kiti karibu yangu. Halafu akaacha Kiswahili, akaniongelesha Kimatengo. Pale hakuna ambaye angetusikia hata kwa Kiswahili, lakini maneno mazito ya ukoo huyasema kwa lugha hiyo.

"Kahawa ni nzuri," akasema. "Nimeiona kazi yake, nimefurahi. Sasa nikuulize mimi. Utarudi?"

Nikafungua mdomo.

"Usiniambie la kunifurahisha. Tumekula pamoja hapa."

Nikaufunga. Nikafikiria yule bosi aliyeniuliza kama nitabaki. Nikafikiria mshahara, chumba changu, na vile nilivyokuwa nimeanza kuizoea hata hiyo mikate baridi ya jioni. Nikafikiria milima. Nilitafuta jibu la kweli na nililolipata lilikuwa moja tu.

"Sijui, baba."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakukasirika hata kidogo.

"Sijui haipalilii shamba," akasema. "Mimi nina watoto wanaokula kila siku. Kaka yangu alipanda ile miti ili ninyi mle. Hakupanda ili aitazame. Ungesema unarudi, ningeinua jembe nikaipalilia, nikakusubiri. Sasa nimsubiri nani?"

Niliumia kwa sababu hakunilaumu. Na niliona wazi kwamba nilikuwa nataka yeye abaki mtelemkoni pale analinda miti, apate njaa kwa niaba yangu, ili mimi huku niwe na kitu cha kujivunia kwa Wajerumani.

Nikamwambia, "Kata, baba."

Akaniangalia muda mrefu, kuhakikisha.

Kisha akasema, "Mwambie Yusufu alete kimoja kingine. Kile cha kwanza nilikuwa nakula kwa heshima. Hiki ninywe."

Kikaja. Akakinywa taratibu mno.

Alipoondoka hakutaja shamba tena. Msimu wa kiangazi, padre alipiga simu ya ofisini akanipa salamu, akasema mzee amekata yote, na ngoro ameshapanga, nzuri kweli.

Nilikaa kitandani nikalia. Siwafichi.

Mtauliza, bei haikupanda baadaye? Ilipanda. Waliovumilia walipata, na mimi nilipigiwa kelele na ndugu wengine kwamba nimeharibu mali ya baba. Lakini miaka ile ya katikati watoto wa baba mdogo walikula mahindi ya mtelemko ule, wakashiba, wakasoma. Nani angewaambia wangoje bei?

Na mimi nilirudi, baada ya miaka mingi kuliko nilivyowahi kufikiria. Nilishuka na baba mdogo kwenye lile shamba. Mahindi yamenizidi urefu. Nilitafuta ilipokuwa mistari ya miti ya baba, sikuiona, ngoro zimeifunika yote. Niliogopa nitaumia. Sikuumia kama nilivyodhani.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani tukapishana na wajukuu zake wanashuka, majembe begani. Watoto wadogo, hawajawahi kuona mbuni hata mmoja kwenye shamba lile. Nikawauliza wanakwenda wapi.

"Tunakwenda kwenye kahawa," wakajibu. "Tunapalilia mahindi."

Baba mdogo akanitazama, akacheka.

Nilichojifunza wakuu ni kwamba ukiwa mbali ni rahisi sana kuwaamulia walioko nyumbani, hasa kwa vitu unavyovipenda wewe na kuvihangaikia wao. Kabla hujasema usiuze, usikate, usivunje, jiulize kama utakuwepo kushika jembe.

Wenye mashamba, nyumba au ng'ombe wa marehemu huko kwenu na mko mbali, hebu semeni mlifanyaje. Na Wamatengo mliomo humu, mtu akisema siku hizi mnakunywa kahawa nitamwamini, ila niambieni ukweli: machicha mnaacha au mnatafuna?